Ibn Sina na Namna za Maumivu

Abu Ali Husein bin Abdallah bin Sina alizaliwa mwaka 370 Hijriya (980) katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara. Alipotimia miaka 10 alikuwa amekwisha soma Kurani yote, na alipofikia 16 matabibu walikuwa wakisoma kwake. Katika falsafa alisema mambo aliyorudiwa na Imam Ghazali, na haki ilikuwa kwa Ghazali. Lakini tibabu ni mlango mwingine.

Katika Al-Qanun alihesabu namna 15 za maumivu: ya kuwasha, ya kuchoma, ya kudunga kama sindano, ya kutoboa, ya kubana, ya kupwita, ya uzito, ya ganzi na mengineyo. Jalinus, tabibu wa Kiyunani, alidai asili yake ni moja tu, nayo ni kutengana kwa kilichoshikana mwilini. Ibn Sina alikataa: hata mizaji ya kiungo ikigeuka ghafula kwa baridi au joto, mtu huumwa. Basi dawa ya kweli ni kuondoa sababu. Afyuni haiondoi kitu, huzuia kuhisi tu; haifai ila ikichelewa maumivu yasimwue mgonjwa kabla dawa haijafanya kazi.

Mwishoni mwa umri wake alishikwa na msokoto wa tumbo, na kwa haraka ya kupona akajipiga bomba mara 8 siku moja, hata matumbo yakafanya vidonda. Mwanafunzi wake Juzjani amesimulia ya kuwa watumishi waliomwibia mali walimtilia afyuni nyingi katika dawa. Alipoona nguvu zimekwisha aliacha tiba, akatubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa akikhitimu Kurani kila siku 3. Alifia Hamadan, Ramadhani 428 (1037), akazikwa huko.