Leonhard Euler, Mjuzi wa Hesabu

Mfugaji wa Same mwenye mbuzi 15 aweza kuwagawa sawasawa katika mazizi 3. Akiwa nao 17 hawezi, ila awatie wote katika zizi moja, au kila mbuzi zizi lake. Namba kama 17 huitwa namba tasa.

Leonhard Euler alizaliwa Basel, nchi ya Uswisi, mwaka 1707. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, akataka mwanawe amfuate. Lakini kijana alipenda hesabu. Mwaka 1727 alikwenda Petersburg, nchi ya Urusi, akafanya kazi katika chuo cha wataalamu.

Mwaka 1729 rafiki yake Goldbach alimwuliza kwa barua habari ya Fermat, bingwa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1665. Fermat alisadiki ya kuwa 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297 zote ni tasa. Kila moja hupatikana hivi: twaa iliyotangulia, toa 1, zidisha baki kwa baki, kisha ongeza 1.

Euler hakutegemea sifa ya bingwa, alijaribu mwenyewe. Mwaka 1732 alionyesha kwamba namba ile ya nne hugawanyika kwa 641 pasipo baki.

Baadaye alipofuka jicho moja, kisha la pili. Hata hivyo hakuacha kazi: alihesabu moyoni, na wanawe wakamwandikia. Alifariki Petersburg mwaka 1783.

Mwenye shaka na atwae kibao chake, azidishe 6,700,417 kwa 641. Ndipo atakapojua kwamba hata bingwa hukosea.