Pierre Curie, mtoto ambaye hakwenda shule

Wengi wetu tukisikia jina Curie tunamkumbuka Marie, yule mama wa radiamu. Mumewe Pierre tunampitia juu juu: alioa, akapata Nobel, akafa barabarani. Mimi nasoma ualimu wa fizikia na hesabu, na nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipoandaa somo la fuwele. Nikakuta maisha yanayonigusa kuliko nilivyotaka.

Pierre alizaliwa Paris tarehe 15 Mei 1859. Baba yake, daktari, aliona mapema kwamba kijana huyu hawezi kurukaruka kutoka somo moja kwenda jingine. Akishika jambo, mpaka alimalize. Shule ya kengele ingemvuruga, kwa hiyo alifundishwa nyumbani, na kwenye miaka 14 akatafutiwa mwalimu wa hesabu. Akiwa na miaka 18 tayari ana shahada ya sayansi. Hela ya kuendelea na udaktari haikuwepo (wanaosubiri bumu, hapa tunaelewana), akaajiriwa kuwa msaidizi wa maabara pale Sorbonne.

Mwaka 1880, akiwa na miaka 21, yeye na kaka yake Jacques wakagundua kwamba ukizikandamiza fuwele za aina fulani, kama kwatzi, turmalini, hata sukari ya miwa, zinatoa umeme. Kile kiwashio cha jiko la gesi unachobonyeza mpaka kinatoa cheche kinatumia kanuni hiyo hiyo. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann akaonyesha kwa hesabu kwamba na kinyume chake lazima kiwe kweli: fuwele ikitiwa umeme, itabadilika umbo.

Shida ni udogo wa badiliko lenyewe. Kipande cha kwatzi ukikipa volti 1000 kinanenepa au kukonda kwa kama sehemu mbili za bilioni ya mita. Unywele wako ni mnene kuliko hapo mara makumi ya maelfu. Utaonaje? Wale ndugu wawili wakaibana fuwele inayotiwa umeme pamoja na fuwele nyingine. Ya kwanza ikitanuka inaikandamiza ya pili, na ya pili inatoa umeme unaopimika. Mwaka 1881 wakathibitisha.

Kifaa chao cha kwatzi ndicho baadaye Marie alichokitumia kupima mionzi ya urani, kazi iliyowafikisha kwenye poloni na radiamu mwaka 1898. Pierre mwenyewe alipata udaktari mwaka 1895, ana miaka 35. Nobel ikaja 1903. Tarehe 19 Aprili 1906, mvua ikinyesha Paris, aliteleza akivuka barabara na kukanyagwa na gari la farasi. Alikuwa na miaka 46.

Miaka sita baadaye, kule Munich, eksirei zilipitishwa kwenye fuwele zikaacha vidoa kwenye bamba la picha. Leo mahali pa bamba hilo pana vipokezi bapa vya kielektroniki vyenye mamilioni ya vitundu, vinavyonasa mamia ya vidoa kwa mpigo. Umeme ukiwashwa na kuzimwa, vidoa vinasogea kidogo au kubadilika mwangaza, na hapo inajulikana atomi zipi zimehama na kwa kiasi gani. Pierre alijua fuwele inatanuka. Ndani yake hakuwahi kuona.

Sasa langu. Mwaka jana kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo nilikuwa na kijana wa kidato cha pili. Darasa likishahamia swali la tano, yeye anauliza la kwanza. Siku moja nikamwambia mbele ya wenzake kwamba basi limeshamwacha. Wakacheka, hata mimi nikacheka. Hakuuliza tena mpaka naondoka.

Sisemi yule ni Curie mwingine. Ninachosema ni kwamba sikumpima. Nilipima mwendo wake kwa kipindi cha dakika 40, nikaridhika. Baba yake Pierre alikuwa na nafasi ya kumweka mtoto nyumbani. Mimi nitakuwa na darasa zima na kengele. Mwaka huu naenda tena. Nitabeba kiwashio cha jiko, nibonyeze mbele yao, niulize umeme umetoka wapi, halafu nitoke bila kutaka jibu mpaka kesho yake.