Mwana Kupona na Ndoa Iliyohukumiwa na Kila Mtu

 Ukurasa huu ni wa maisha ya watu waliotangulia. Mara hii ni zamu ya mama mmoja wa pwani ambaye jina lake wengi tunalijua kutoka darasani.

Mtaje Mwana Kupona binti Msham mbele ya vijana waliosoma fasihi, utaona wanagawanyika hapo hapo. Kundi moja litasema huyo ndiye mke wa kweli, laiti wasichana wa leo wangekuwa kama yeye. Kundi la pili litasema maskini, alikuwa mtumwa wa mumewe na akataka bintiye naye awe hivyo. Waulize wamesoma beti ngapi za utendi wake. Wengi watakutajia tatu au nne, zile zile za kumtii mume. Utendi una beti 102.

Basi tuanze na maisha yenyewe. Mwana Kupona alizaliwa kisiwa cha Pate, mwanzoni mwa karne ya 19. Akaolewa na Bwana Mataka, sheikh aliyetawala Siyu, mji ulio kwenye kisiwa hicho hicho. Siyu haikuwa kijiji cha kuvulia samaki tu. Palikuwa mahali pa elimu, na misahafu iliyonakiliwa huko kwa mkono ilisifika pwani nzima. Tena msomaji wa huku ajue kwamba Wasomali walikuwa sehemu ya mji huo, kwa hivyo habari hii si ya watu wa mbali na sisi.

Bwana Mataka alikuwa mtu wa vita. Kwa muda wa karibu miaka ishirini alikataa kuwa chini ya Seyyid Said wa Zanzibar. Jeshi la Sultani lilitumwa Siyu katikati ya miaka ya 1840 likashindwa, na kamanda wake akauawa. Sasa hebu fikiria nyumba ya mtu kama huyo. Leo yuko, kesho yuko porini na wapiganaji wake, na kila akitoka mke hajui kama atarudi. Bwana Mataka alifariki mwaka wa 1856, mwaka ule ule aliofariki Seyyid Said.

Mwana Kupona akabaki mjane na watoto wawili, Mwana Hashima na Mohamed. Baada ya miaka miwili hivi, mwaka wa 1275 wa Hijria ambao ulianza 1858, akatunga utendi kwa ajili ya Hashima, msichana wa miaka kama 17. Alikuwa mgonjwa, na mwanzoni kabisa anasema maradhi yamemshika mwaka mzima. Kwa hivyo yale maneno ni wasia wa mama anayeona safari yake iko karibu, na bintiye ni kigori wa kuolewa ambaye baba yake hayupo tena. Mtu wa hali hiyo hakai kuandika kitabu cha sheria za ndoa. Anamwambia mtoto wake yale anayodhani yatamlinda akiwa peke yake.

Ni kweli anamwambia amtii mume, amuombe ruhusa ya kutoka, amkande, ampepee, asimpigie kelele akilala, na awe karibu ili akiamka asimtafute. Hapo ndipo watu hufunga kitabu na kutoa hukumu. Lakini nyumba ile ilikuwa ya mtawala, na ilikuwa na watumwa. Utendi wenyewe unawataja, na unamuonya binti asizoeane nao ila wakati wa kazi, jambo ambalo mimi halinipendezi hata kidogo. Manake ni kwamba mikono ya kupepea ilikuwepo tele. Anapomwambia Hashima afanye mwenyewe, mimi naona anazungumzia mapenzi ya watu wawili wakiwa chumbani, si kazi za nyumba. Wako pia wataalamu wanaosema kuna kejeli ya chini chini humo, kwa vile anamfananisha mume na mtoto mchanga asiyejua kusema! Kila mtu na usomaji wake, lakini angalau hao wamesoma.

Beti ambazo hazitajwi ni zile anazoeleza ndoa yake mwenyewe. Anamwambia Hashima kwamba yeye na baba yake waliishi kwa furaha na kuheshimiana, hawakugombana mpaka siku ya mauti yake, na kwamba mzee alikufa akirudia kusema yuko radhi naye, huku moyo wake yeye ukijaa huzuni. Ni ushahidi wa upande mmoja, sawa, na Bwana Mataka hakutuachia wake. Lakini ni upande uliokuwa ndani ya nyumba. Sisi tuko nje ya ukuta, tena baada ya zaidi ya miaka 150.

Kwetu hili tunalijua vizuri. Mgeni hupita na gari, akaona mama anasimamisha nyumba ya fito na mikeka na mwanamume amekaa chini ya mti na kikombe cha chai. Kabla hajafika Dhobley ameshasema wanawake wa huku wanateswa. Hajui kwamba nyumba ile ni mali ya mama, na hajui yule mzee amekesha kisimani akinywesha ngamia. Huenda kweli mama ana malalamiko yake, lakini mgeni hakushuka kuuliza. Surat al-Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana za namna hii, na tunaisoma kila Ramadhan.

Jina nalo lilichangia. Mwaka wa 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha utendi huu pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na juu ya kitabu wakaandika kuwa ni nasaha kuhusu wajibu wa mke. Mtu akisoma jalada tu ameshapata hukumu yake. Ndani sehemu kubwa ya mwisho ni dua. Mama anawaombea watoto wake wawili, ndugu zake na Waislamu wote, na anajiombea yeye mwenyewe aponywe ugonjwa wake.

Maradhi hayakumwacha. Alifariki karibu mwaka wa 1860, miaka michache tu baada ya mumewe. Utendi ukabaki kwa herufi za Kiarabu, hizi hizi tunazofundishwa duksi, na wanawake wa Lamu na Pate wakawa wanaunakili na kuwasomea mabinti zao.