Harvey Cushing, mganga aliyeingiza kipimo cha tansio katika chumba cha upasuaji

Siku hizi mgonjwa akilazwa juu ya meza ya upasuaji, waganga wanamfunga ukanda wa kupimia tansio kwenye mkono hata kabla ya kumpa dawa ya usingizi. Ukanda huo unavimba na kulegea kila dakika chache mpaka kazi iishe. Leo ni jambo la kawaida, lakini mwanzoni mwa karne ya 20 waganga wakubwa wa Boston walilikataa. Aliyelipigania ni Mmarekani Harvey Williams Cushing, ambaye dunia inamkumbuka zaidi kama baba wa upasuaji wa ubongo.

Cushing alizaliwa tarehe 8 mwezi wa nne mwaka wa 1869 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto kumi. Baba yake alikuwa mganga, babu yake vilevile, na baba wa babu yake pia. Kijana huyo alisoma kwanza katika chuo kikuu cha Yale, ambako alipenda sana mchezo wa besiboli, kisha mwaka wa 1891 akaingia shule ya uganga ya Harvard, mjini Boston.

Huko ndiko alikopata pigo lililogeuza maisha yake. Wakati ule, kazi ya kumlaza mgonjwa usingizi kwa dawa ya eteri waliachiwa wanafunzi, na wengi wao hawakuwa wamefundishwa lolote. Mwanafunzi alishika sponji yenye dawa juu ya pua na mdomo wa mgonjwa, akaangalia rangi ya uso na kusikiliza pumzi, basi. Siku moja Cushing aliitwa kumpa eteri mgonjwa aliyekuwa na henia iliyobana utumbo. Mgonjwa akafa mikononi mwake. Waganga wakubwa walimwambia kwamba mambo kama hayo hutokea, lakini yeye hakuweza kulikubali jibu hilo. Alifikiria hata kuacha masomo.

Badala ya kuacha, alianza kuandika. Pamoja na mwanafunzi mwenzake, Ernest Amory Codman, walitengeneza karatasi ya kufuatilia mgonjwa wakati wa upasuaji. Kufikia mwaka wa 1895 walikuwa wanaandika mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa tangu anapolala mpaka anapoamka. Wawili hao walishindana ni nani atakayelaza wagonjwa vizuri zaidi. Kwa mara ya kwanza mganga aliweza kutazama karatasi na kuona mgonjwa alianza kudhoofika dakika gani. Lakini karatasi hiyo ilikuwa na pengo: nguvu ya damu ndani ya mishipa haikuwa na namba.

Alipomaliza shule mwaka wa 1895, Cushing alifanya kazi mwaka mmoja Boston, kisha akaenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kujifunza upasuaji chini ya William Halsted, mtu aliyesifika kwa kupasua polepole na kuchunga kila tone la damu. Mwaka wa 1900 alipanda meli kwenda Ulaya kuongeza ujuzi.

Katika mji wa Bern, inchini Uswisi, profesa Theodor Kocher alimpa swali la kuchunguza: nini kinatokea kwa damu ya mwili wakati ubongo unapobanwa ndani ya fuvu? Cushing alifanya majaribio kwa wanyama, akaongeza maji ya chumvi ndani ya fuvu kidogo kidogo huku akipima tansio. Aliona jambo la ajabu. Kila mara mgandamizo ndani ya fuvu ulipokaribia kuzuia damu isifike kwenye ubongo, tansio ya mwili ilipanda juu yake, kama vile mwili unasukuma damu kwa nguvu ili ubongo usikose hewa. Wakati huohuo mapigo ya moyo yalipungua, na pumzi zikavurugika. Mpaka leo waganga dunia nzima wanaita hali hiyo kwa jina lake.

Uchunguzi huo ulimfundisha jambo ambalo wengi hawakulijua: tansio iliyopanda si kila mara adui. Pengine ni mwili unaojitetea, na mganga anayekimbilia kuishusha bila kutafuta sababu anaweza kuuzimisha ubongo.

Kutoka Bern aliendelea na safari mpaka Italia. Katika mwezi wa tano mwaka wa 1901 alifika hospitali ya mji wa Pavia, akaona kifaa kilichotolewa na mganga Scipione Riva-Rocci mwaka wa 1896. Kilikuwa kitu rahisi: ukanda wa mpira wa kufunga juu ya mkono, kipira cha kupulizia hewa, na bomba lenye zebaki. Mganga alipuliza hewa mpaka mapigo ya damu yakapotea chini ya kidole chake, halafu akasoma urefu wa zebaki. Kabla ya hapo, vifaa vingi vya kupimia tansio vilikuwa vigumu kutumia kando ya kitanda. Hiki kilimfaa hata muuguzi. Cushing alikichora katika daftari yake, akapewa kimoja, akarudi nacho Baltimore.

Tangu mwaka huo, kila mgonjwa aliyepasuliwa na Cushing alifungwa ukanda mkononi. Sasa ile karatasi ya mwaka wa 1895 ilipata mstari mpya, mstari wa tansio. Faida yake ilionekana haraka. Kidole juu ya mshipa kinaweza kuhesabu mapigo, lakini ni vigumu kitambue kwamba tansio imetoka 120 na kufika 180. Tansio ikipanda hivyo wakati fuvu liko wazi, damu inafurika na mganga haoni anapokata. Ikishuka sana, ubongo, moyo na figo vinakosa damu, na mgonjwa anaweza kufa kimya huku kila mtu akiangalia kidonda.

Dawa za kushusha tansio kama zile za leo hazikuwepo. Lakini namba ilimsaidia Cushing kuamua. Aliweza kuagiza dawa ya usingizi ipunguzwe, kusimamisha kazi kwa muda, ao kufunga kichwa na kumalizia upasuaji siku nyingine mgonjwa akiwa amepata nguvu. Aliweza pia kuzimisha mshipa wa fahamu kwa sindano kabla ya kuukata, ili maumivu yasiitikise tansio.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1903 alikwenda Boston kuwaeleza waganga wenzake. Pamoja naye alikuwa George Crile wa Cleveland, aliyekuwa anachunguza namna ya kuzuia tansio isianguke wakati wa upasuaji. Shule ya uganga ya Harvard iliunda kamati ya kukijaribu kifaa hicho. Jibu lilitoka mwaka uliofuata: kidole cha mganga mzoefu, walisema, kina faida kuliko chombo cha hewa. Walimu wa chuo alichosoma wakawa wamemkatalia.

Cushing hakuacha. Aliendelea kupima na kuandika, na vijana waliojifunza kwake wakabeba desturi hiyo. Mwaka wa 1905 mganga Mrusi, Nikolai Korotkov, alionyesha huko Saint Petersburg kwamba ukisikiliza mshipa kwa kifaa cha masikio chini ya ukanda, unapata namba mbili, ya juu na ya chini. Tangu hapo hoja ya kidole ilianza kufa yenyewe.

Mwaka wa 1912 Cushing aliitwa Boston kuongoza upasuaji katika hospitali mpya ya Peter Bent Brigham, na Harvard ikampa uprofesa. Wakati wa vita kuu ya kwanza alipasua askari waliojeruhiwa kichwani inchini Ufaransa. Mwaka wa 1926 alianza kutumia kifaa cha umeme cha William Bovie kuziba mishipa inayotoa damu, na akarudia wagonjwa ambao zamani aliogopa kuwamalizia. Mwaka huohuo alipata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu chake juu ya maisha ya rafiki yake, mganga William Osler.

Hakuwa mtu rahisi. Aliwakemea wasaidizi wake vikali na kuwafanyisha kazi mpaka usiku, na nyumbani watoto wake walimwona mara chache. Mwaka wa 1926 mtoto wake mkubwa alikufa katika ajali ya gari. Cushing alipata habari asubuhi, akamjulisha mke wake, kisha akaenda hospitali kumpasua mgonjwa aliyekuwa anamngoja. Kuna waliomsifu kwa hilo, na kuna waliomwonea huruma familia yake.

Mwaka wa 1931 alifikisha uvimbe wa ubongo wa 2000 katika hesabu yake. Mwaka wa 1932 alieleza ugonjwa ambao unabeba jina lake mpaka leo: uvimbe mdogo katika tezi iliyo chini ya ubongo, unaomfanya mgonjwa avimbe uso, anenepe tumboni, mifupa idhoofike na tansio ipande. Hapo mambo yakageuka: kwa wagonjwa hao tansio ilikuwa na chanzo kinachoweza kuondolewa kwa upasuaji wenyewe.

Cushing, aliyevuta sigara kwa wingi miaka mingi, alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka wa 1939 katika mji wa New Haven, akiwa na miaka 70. Mwaka wa 1986, hospitali zinazofungamana na Harvard zilitangaza kanuni za kumlinda mgonjwa aliye usingizini. Mojawapo inaagiza kwamba tansio na mapigo ya moyo vipimwe angalau kila dakika tano.

Leo waganga wana dawa nyingi, lakini maswali ni yaleyale. Mgonjwa mwenye tansio anapaswa kupimwa mapema, si asubuhi ya upasuaji tu, kwa sababu woga peke yake unaweza kuipandisha. Maagizo yaliyotolewa na waganga wa Uingereza mwaka wa 2016 yanasema kwamba upasuaji usio wa haraka unaweza kuendelea ikiwa vipimo vya karibuni vya kliniki viko chini ya 160 kwa 100. Ikiwa havipo, kipimo cha hospitalini kilicho chini ya 180 kwa 110 kinatosha. Kwa upasuaji wa dharura, kungoja kunaweza kuua kuliko tansio yenyewe.

Wakati wa upasuaji, waganga wengi hujaribu kuiweka tansio karibu na ile aliyoizoea mgonjwa. Mtu aliyeishi miaka na 170 anaweza kudhurika akishushwa ghafula mpaka 100, namba ambayo kwa kijana mzima si ya kutisha. Na mgonjwa akiamka na tansio ya juu, kabla ya kuchoma sindano ya kuishusha wanatafuta kwanza sababu: maumivu, baridi, kibofu kilichojaa mkojo ao upungufu wa hewa.

Kwa upande wake, mgonjwa anapaswa kumtajia mganga wa usingizi vidonge vyote anavyokunywa, na asiache hata kimoja kwa kujiamulia. Vidonge vingine vinasimamishwa siku moja kabla ya upasuaji. Vingine, kama vile vya kundi la beta-bloka, vikikatwa ghafula moyo unaweza kwenda mbio na tansio ikaruka. Ni mganga anayejua kipi kiendelee na kipi kingoje.