Freddie Mercury

Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara, Zanzibar, 5 Septemba 1946 – London, 24 Novemba 1991) alikuwa mwimbaji, mtunzi wa nyimbo na mpiga piano wa Queen, bendi ya muziki wa roki kutoka Uingereza. Wengi wanamfahamu kwa wimbo wa Bohemian Rhapsody na kwa onyesho la Live Aid la mwaka 1985. Hata hivyo alianza kama mwimbaji wa roki nzito, na upande huo wake husikika vizuri zaidi katika santuri za Queen za miaka ya 1973 na 1974, ambazo bado zinachapwa upya na kununuliwa.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, yaani wafuasi wa dini ya Zoroaster ambao mababu zao walihamia Uhindi kutoka Uajemi. Ukoo wao ulitoka Gujarat, na jina Bulsara linatokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Baba yake alikuwa keshia wa mahakama kuu katika serikali ya kikoloni. Alikuwa na dada mmoja mdogo, Kashmira.

Akiwa bado mtoto alipelekwa Uhindi kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, mjini Panchgani. Huko alijifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na pamoja na wanafunzi wenzake akaunda bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Hakukaa sana: baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake iliondoka, kama zilivyofanya familia nyingi za Kihindi na Kiarabu, ikahamia Feltham, karibu na London. Alikuwa na umri wa miaka 17.

Uingereza alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing na kuhitimu mwaka 1969. Alibeba mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, na aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Wakati huohuo aliimba katika bendi ndogo ndogo, zikiwemo Ibex na Sour Milk Sea.

Kuundwa kwa Queen

Mwaka 1970 alijiunga na Taylor na mpiga gita Brian May, waliokuwa wamebaki bila mwimbaji baada ya bendi yao ya Smile kuvunjika. Yeye ndiye aliyechagua jina la Queen, na katika kipindi hichohicho akachukua jina la Mercury. Mpiga gita la besi John Deacon alijiunga mwaka 1971. Elimu yake ya sanaa haikupotea bure. Nembo ya bendi aliichora mwenyewe kwa kutumia alama za nyota za wanachama wote: simba wawili, kaa mmoja, na vichimbakazi wawili ambao ni alama yake yeye ya Mashuke.

Santuri za roki nzito

Msomaji aliyezaliwa katika zama za simu anahitaji kujua kwamba santuri ndefu ina pande mbili, na kila upande hubeba takribani dakika 20 hivi za muziki. Ukizidisha, mifereo inabanana na sauti inadhoofika. Msikilizaji hulazimika kuinuka na kuigeuza. Kwa hiyo mtunzi wa albamu alikuwa akipanga mambo mawili, si moja: upande wa kwanza unaishaje, na wa pili unaanzaje.

Albamu ya kwanza, iliyoitwa Queen tu, ilitoka Julai 1973. Ilirekodiwa katika studio ya Trident, London, mara nyingi katika saa ambazo wanamuziki wenye kulipa hawakuitumia. Kwenye jalada waliandika kwamba hakuna aliyepiga sintesaiza, kwa sababu wasikilizaji wangeweza kudhani kwamba sauti nene za gita la May zilitengenezwa kwa mashine.

Queen II, ya Machi 1974, ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi maana ya santuri. Badala ya upande A na B, kuna Upande Mweupe na Upande Mweusi. Mweupe una nyimbo nne za May na mmoja wa Taylor. Mweusi wote ni wa Mercury, na nyimbo zake karibu zote zinaunganishwa bila kimya kati yake. Unaanza na Ogre Battle, wimbo wa vita vya mazimwi ambao mlio wake wa mwanzo ni mkanda uliochezwa kinyumenyume, kisha gita zito linaingia. Wimbo unaofuata ulitokana na mchoro wa Richard Dadd uliopo London. Anayesikiliza nyimbo hizi mojamoja, kwa mpangilio wa kubahatisha, anapoteza nusu ya kazi. Huu ndio upande wa santuri unaostahili kusikilizwa kwanza na anayetaka kumfahamu Mercury kama mtunzi, kabla hata ya Bohemian Rhapsody.

Novemba mwaka huohuo ilitoka Sheer Heart Attack. Ndani yake mna Stone Cold Crazy, wimbo wa dakika mbili na sekunde chache tu, wenye kasi isiyo ya kawaida kwa wakati ule. Wapenzi wa hevi metali huuhesabu miongoni mwa vitangulizi vya mtindo wa thrashi. Bendi ya Metallica ya Marekani iliurekodi upya na kupata tuzo ya Grammy mwaka 1991.

Umaarufu

Bohemian Rhapsody, uliotungwa na Mercury, ulitoka mwaka 1975 katika albamu ya A Night at the Opera. Una karibu dakika sita, bila kiitikio, na sehemu yake ya kati ni kwaya ya opera iliyojengwa na sauti za watu watatu zilizorekodiwa moja juu ya nyingine hadi mkanda ukaanza kuchakaa. Ndani yake linasikika neno Bismillah, ambalo msikilizaji wa pwani halihitaji kufafanuliwa. Wimbo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki tisa.

Baadaye Queen walipunguza uzito wa muziki wao, na katika The Game (1980) sintesaiza ikaingia. Mercury alitoa pia albamu yake mwenyewe, Mr. Bad Guy (1985), na Barcelona (1988) pamoja na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé.

Ugonjwa na kifo

Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, aliyebaki rafiki yake hadi mwisho. Baadaye mwenzi wake alikuwa mwanamume, Jim Hutton. Mwaka 1987 aligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI, wakati ambapo tiba ya leo haikuwapo. Aliendelea kurekodi. Innuendo ilitoka Februari 1991, na kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko santuri moja inavyoweza kubeba, baadhi ya nyimbo zilikatwa. Zilirudishwa kamili mwaka 2015, albamu ilipochapwa katika santuri mbili.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kwamba ana UKIMWI. Alifariki siku iliyofuata nyumbani kwake Kensington, akiwa na miaka 45. Ibada ya mazishi iliongozwa na makuhani wa Zoroaster, na mwili ukachomwa. Aprili 1992 lilifanyika tamasha la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley, ambapo James Hetfield wa Metallica aliimba Stone Cold Crazy pamoja na wanachama wa Queen waliobaki.

Zanzibar

Mercury hakupenda kuzungumzia kisiwa alikozaliwa, na Zanzibar nayo imegawanyika juu yake. Mwaka 2006 mgahawa mmoja ulipanga sherehe ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Uamsho ikapinga kwa sababu ya mwenendo wake wa maisha, na sherehe ikafutwa. Wafanyabiashara wa utalii wanaliona jina lake kwa jicho jingine. Tarehe 24 Novemba 2019, miaka 28 kamili baada ya kifo chake, jumba la makumbusho la Freddie Mercury lilifunguliwa Shangani, katika nyumba ambayo familia ya Bulsara iliwahi kuishi.