Shaaban Robert: Karani Aliyetetea Haki

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Baada ya masomo Dar es Salaam, alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kazi ambayo kalamu ya mtumishi huweza kugeuzwa bidhaa.

Mwaka 1951 alichapisha riwaya ya Kusadikika. Humo, waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kuanzisha elimu ya sheria. Karama anajitetea kwa visa vya wajumbe sita walioitumikia nchi kwa uaminifu, wakalipwa kifungo.

Shaaban Robert aliaga dunia mwaka 1962. Hata hivyo, mwanafunzi wa Meru anayelijua baraza la Njuri Ncheke, au mwenzake wa Embu aliyesimuliwa habari za kiama, anautambua uzito wa kusema kweli mbele ya wakubwa.

Sheria huadhibu ufisadi uliokwisha kutendeka. Riwaya humwonyesha kijana gharama ya uadilifu kabla hajakabidhiwa ofisi. Hivyo basi, ni wajibu wetu, wanafunzi na wahadhiri, kuisoma Kusadikika kwa ajili ya maisha, si kwa mtihani pekee.