Paul Langerhans

Paul Langerhans (Berlin, 25 Julai 1847 – Funchal, Madeira, 20 Julai 1888) alikuwa daktari, mwanapatholojia na mwanabiolojia kutoka Ujerumani. Anakumbukwa kwa kugundua seli za ngozi ambazo leo zinaitwa *seli za Langerhans*, na pia makundi ya seli ndani ya kongosho yanayoitwa *visiwa vya Langerhans*. Vitu hivyo viwili havihusiani, ingawa wanafunzi wengi huvichanganya kwa sababu ya jina. Yeye mwenyewe hakujua kazi ya kimojawapo.

== Maisha ==

Alizaliwa katika familia ya madaktari. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Paul akiwa bado mtoto mdogo. Alisoma tiba kwanza huko Jena, ambapo Ernst Haeckel alikuwa mmoja wa walimu wake, kisha akarudi Berlin na kufanya kazi katika taasisi ya Rudolf Virchow, mwanapatholojia maarufu kuliko wote wa wakati ule.

Mwaka 1870 alisafiri pamoja na mwanajiografia Heinrich Kiepert hadi Misri, Palestina na Syria, na huko alichunguza wagonjwa wa ukoma. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipoanza alirudi kwao akahudumia majeruhi. Baadaye aliajiriwa katika Chuo Kikuu cha Freiburg, akapanda hadi kuwa profesa.

== Seli za ngozi ==

Mwaka 1868, akiwa bado mwanafunzi wa miaka 21 hivi, Langerhans alitaka kujua mishipa ya fahamu inaishia wapi katika ngozi ya binadamu. Kwa Julius Cohnheim alikuwa amejifunza namna ya kuloweka vipande vya mwili katika kloridi ya dhahabu ili neva zionekane nyeusi chini ya hadubini. Katika tabaka la juu la ngozi alikuta seli nyeusi zenye matawi marefu, zikiwa zimetawanyika kati ya seli za kawaida. Kwa kuwa dawa ile ilijulikana kupaka rangi neva, na matawi yale yalifanana na ya neva, aliziona kuwa sehemu ya mfumo wa fahamu.

Dhana hiyo haikuwa sahihi, lakini mchoro na maelezo yake yalikuwa sahihi. Kwa karibu miaka mia moja wataalamu walibishana: wengine walisema ni seli za rangi ya ngozi zilizochakaa. Mwaka 1961 Michael Birbeck na wenzake walitumia hadubini ya elektroni wakaona ndani yake chembechembe za umbo la pekee, ambazo seli za rangi hazina. Katika miaka ya 1970 ilianza kufahamika kwamba ni seli za kinga, zenye undugu na seli za matawi ambazo Ralph Steinman alizieleza mwaka 1973.

Leo inajulikana kwamba seli za Langerhans ni asilimia chache tu za seli za tabaka la juu la ngozi, lakini matawi yake hufanya mtandao unaofunika mwili mzima. Hunasa vipande vya vijidudu na kemikali zinazopenya, kisha husafiri hadi kwenye tezi za limfu na kuzionyesha seli T kilichonaswa. Hapo mwili huamua kupigana au kuvumilia. Mtu anayewashwa na hereni yenye nikeli ana mwili ulioamua kupigana na kitu ambacho hakikuwa adui. Kuchomwa sana na jua hupunguza seli hizi, na kinga ya ngozi hudhoofika kwa muda.

== Kongosho ==

Katika tasnifu yake ya mwaka 1869 alieleza makundi madogo ya seli katika kongosho ya sungura, akakiri waziwazi kwamba hajui kazi yake. Édouard Laguesse wa Ufaransa aliyapa jina la Langerhans mwaka 1893. Insulini, homoni inayotoka humo, ilipatikana mwaka 1921 huko Toronto.

== Ugonjwa na kifo ==

Mwaka 1874 Langerhans aliugua kifua kikuu, maradhi yaliyomuua mama yake. Alitafuta nafuu Italia na Uswisi bila mafanikio, akalazimika kuacha kazi ya chuo. Mwaka 1875 alihamia kisiwa cha Madeira, kilicho chini ya Ureno, ambako hali ya hewa ilimfaa. Afya ilirudi kiasi. Alitibu wagonjwa mjini Funchal, wengi wao wakiwa wageni wenye kifua kikuu kama yeye, akaandika kitabu cha mwongozo kuhusu kisiwa hicho, na akachunguza minyoo wa baharini. Jenasi moja aliiita *Virchowia* kwa heshima ya mwalimu wake. Mwaka 1885 alioa mjane wa mmoja wa wagonjwa wake.

Alifariki kwa kushindwa kwa figo, siku tano kabla ya kutimiza miaka 41, akazikwa katika makaburi ya Waingereza mjini Funchal.

Asichanganywe na Theodor Langhans, ambaye jina lake limepewa seli kubwa zinazoonekana katika vidonda vya kifua kikuu.